Mke Wangu Kwenye Ngazi za Jirani

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili halielezeki kwa haraka, na mimi sipendi kumharakisha mtu. Kwa kuwa nimekaa miaka mingi kwenye ngazi za uwanja hapa Goma, watu huniuliza ni nini hasa kinachomtoa mtu nyumbani kwake Jumapili mchana, akaacha chakula cha moto mezani, akaenda kukaa juu ya saruji kuangalia klabu ambayo huenda ikafungwa. Na ni nini kinachomrudisha wiki inayofuata, hata siku moja akaomba mwenyewe karte ya uanachama. Zamani ningekujibu papo hapo: ushindi. Siku hizi nakujibu polepole, na kwanza nakiri kwamba jibu nililipata kwa njia ya wivu. Nilimwonea wivu jirani yangu, mama muuza samaki, kwa sababu mke wangu alikuwa anakaa kwenye ngazi zake na si kwenye zangu.

Nikupe mpangilio wetu kwanza, usije ukapotea. Klabu yetu ni ya ligi kubwa na wachezaji wake wanalipwa, lakini mashabiki wake wamepangwa kama parokia. Kila mtaa una kikundi chake, tunakiita seksio. Seksio ina prezida wake, ngoma zake, na sehemu yake ya ngazi uwanjani ambayo hakuna mgeni anayethubutu kuikalia. Mimi nilikuwa prezida wa seksio ya mtaa wetu. Siku za kazi nilikuwa karani kwenye depo ya mabasi madogo yanayokwenda Rutshuru na Kiwanja. Jumapili nilikuwa prezida, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa moyo.

Niliifanya hivi. Baada ya misa ya kwanza nilikunywa chai nimesimama, nikapanda moto, pikipiki yangu, saa nne, nikafika uwanjani wakati bado wanafagia. Nilifunga kamba kuzunguka ngazi zetu tatu ili asikae mtu mwingine. Kisha nilikaa na daftari, nikiandika nani amekuja na saa ngapi. Aliyechelewa nilimwambia neno. Aliyekosa mechi mbili nilisoma jina lake mbele ya wote wakati wa mapumziko, na wenzake wakaguna. Nilidhani hiyo ndiyo nidhamu, na kwamba nidhamu ndiyo inayojenga seksio.

Mke wangu hakuwahi kuja. Yeye ni wa upande wa Bukavu, anafundisha watoto wadogo wa chekechea, na katika miaka kumi na minane ya ndoa yetu sikumbuki akiuliza klabu yetu imefunga ngapi. Nilimweka katika fungu la watu wasiopenda mpira, kama unavyomweka mtu katika fungu la wasiokula pilipili, na sikufikiria tena.

Jirani yetu huyo ni mjane kutoka upande wa Butembo. Anauza sokoni samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi, na sauti yake unaisikia kabla hujauona uso wake. Siku moja kamati ya klabu iliniita kunieleza kwamba mama huyo ameomba kuanzisha seksio ya pili katika mtaa wetu. Wakaniuliza kama nina kipingamizi.

"Mwacheni ajaribu," nikasema, nikicheka moyoni.

Jumapili ya kwanza walikuja sita: wanawake watano na mzee mmoja mwenye fimbo. Tena walichelewa. Mpira ulikuwa umeshaanza walipoingia wakiimba, viatu vimejaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, wakakaa kwenye ngazi zilizo juu yetu tu. Niliandika kwenye daftari, ingawa hawakuwa wangu: "Wamechelewa." Jumapili ya tatu walikuwa kumi na wawili. Mvua za masika zilipokwisha walikuwa wamejaza ngazi mbili, na zangu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno.

Hapo wivu ulikuwa mdogo bado, wivu wa kazi. Ule mkubwa ulinikuta siku ya kona.

Tulipata kona dakika za mwisho, watu wote wakasimama. Nikachukua ngoma kwa mwenye ngoma wetu, kama nilivyozoea wakati wa hatari, nikageuka kuwaelekea watu wangu ili niwapandishe wimbo. Na pale juu, katikati ya wale wanawake, nikamwona mke wangu. Amevaa kikwembe, kitenge cha kijani chenye majani meupe, kile kile walichovaa wote. Alikuwa ananong'onezana na mwanamke wa pembeni na kucheka. Akaniona. Akanipungia mkono kidogo, kama unavyompungia mtu mnayejuana naye sokoni.

"Papa prezida," mwenye ngoma akaniambia sikioni, "unapiga ya misa ao ya mpira?"

Mikono yangu ilikuwa imepunguza mwendo bila mimi kujua. Kona yenyewe sikuiona.

Jioni nyumbani nilijaribu kuzungumza kwa utulivu.

"Leo ulikuwa ku stade."

"Uliniona," akasema.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Na kikwembe?"

"Ni kizuri, eh?" Akageuka ili nikione na mgongoni.

Nilipaswa kumwuliza imekuwaje akaenda. Nikamwuliza mbona anakaa juu. "Seksio yangu iko chini yenu tu," nikamwambia. "Ni hatua moja. Shuka ukae kwetu, mke wa prezida."

"Mimi nitakaa na watu niliokuja nao," akasema, akaenda kuangalia chungu.

Jibu lote lilikuwa pale, na mimi nilipita juu yake. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mke wangu akae karibu nami uwanjani. Niliamini nitampata nikiishinda ile seksio, kwa hiyo nikaanza kutafuta siri yake.

Nifuate hatua kwa hatua, kwa sababu makosa yangu nayo yanafundisha. Nilianza na ushindi. Lakini msimu ule tulikuwa tunafungwa, mshambuliaji wetu mzuri alikuwa ameondoka kuchezea mji mwingine, na mama wa samaki alizidi kuongeza watu. Ushindi ukatoka kwenye orodha, na mchezaji nyota akatoka nao. Nikafikiria tikete, lakini tikete ilikuwa ile ile kwa wote. Nikafikiria hali ya hewa, lakini mvua inapoanguka uwanjani haichagui ngazi. Wakati wa mvua watu wangu walikimbia chini ya paa, wa mama wa samaki wakafungua miavuli na kubanana.

Nikarudi kwenye kitu nilichokijua vizuri, yaani depo. Labda hujui jinsi basi dogo linavyojazwa. Hakuna abiria anayependa kupanda basi tupu, kwa sababu anajua litachukua nusu siku kuondoka. Kwa hiyo vijana wanaopakia mizigo hukaa wenyewe ndani, mfuko kwenye magoti, wakiangalia saa kama watu wenye haraka ya kufika Kiwanja. Mpita njia anaona basi limefika nusu, anapanda. Kadiri abiria wa kweli wanavyoingia, vijana wanatoka mmoja mmoja kimyakimya. Nikajiambia kwamba ngazi nazo ni basi. Nikawaomba wapakizi wanne waje wakae kwenye mapengo yangu.

Walikuja, wakakaa vizuri, hata mmoja akaangalia saa. Nusu ya kwanza ilipokaribia kwisha, mashabiki kadhaa waliokosa nafasi kwingine wakaja wakakaa nao. Na wapakizi wangu, kwa mazoea ya kazi, wakainuka mmoja mmoja na kutoka kimyakimya. Nilipogeuka tena, wale wageni walikuwa wanatazamana kama watu waliopakiwa gari lisilo na dereva. Baada ya mapumziko hawakurudi.

Basi nikakata shauri kwamba siri ni kikwembe. Ilikuwa wazi. Watu wanapenda kufanana, na nguo moja huwafanya watu kuwa jamaa moja. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana kosa langu lilikuwa kubwa.

Nilienda kwa mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Alikuwa na mabaki mengi ya kitambaa kizuri mno: kijani na nyeupe, rangi zetu, chenye njiwa wadogo na vitawi. Akaniambia kuna familia iliagiza kingi, kikabaki. Sikumwuliza ni familia gani wala walikuwa na shughuli gani. Mtu wa karibu yangu ambaye angeniambia kwa kukitupia jicho tu alikuwa mke wangu, na yeye nilikuwa nimeshamhesabu upande wa pili. Nikakificha kile kitambaa kwa fundi cherehani kama mtu anayeficha silaha. Kwa wiki moja fundi alishona mashati ishirini na mawili.

Jumapili ile tulikutana njia panda ya mtaa, tukaingia barabarani kwa mstari. Nilikuwa mbele. Nakwambia, tulipendeza. Wanawake wanaouza sambaza, dagaa wa ziwani, kando ya njia walikatisha mazungumzo yao tulipopita, wakainamisha macho. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa anateremka na magunia ya viazi akaiweka pembeni, akasimama mpaka tumepita. Dereva mmoja wa moto alizima injini na kuvua kofia. Nikajiambia: heshima hiyo! Mama wa samaki hajawahi kuzimiwa injini.

Mlangoni mwa uwanja, mkata tikete, ambaye kila wiki alinitania, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, papa."

Nilidhani anazungumzia mabao manne tuliyofungwa wiki iliyotangulia. "Aksanti," nikamjibu. "Tutainuka tu."

"Ndiyo, papa. Mungu ndiye anajua sababu."

Ilionekana kwangu ni maneno mazito kwa mabao manne, lakini nikapita. Tukakaa. Nilifurahi kuona vichwa vya wanawake kule juu vimeinama kutuangalia. Sikumtazama mke wangu. Nilitaka yeye anitazame.

Wakati wa mapumziko mwanamume mmoja nisiyemjua alishuka kutoka upande mwingine wa uwanja, akanijia moja kwa moja. Alikuwa amevaa shati la njiwa na vitawi kama letu.

"Bonjuru, muzee. Sisi tumetoka Beni," akasema kwa upole. "Nyinyi muko upande wa mama ao upande wa baba?"

"Sisi ni wa chini," nikamwonyesha ngazi. "Wa juu ni hawa wamama."

"Hapana, muzee. Nauliza muko upande gani wa marehemu."

"Marehemu gani?"

Akaangalia shati lake, akaangalia langu. "Muzee wetu. Tulimaliza kilio chake hapa Goma mwezi uliopita. Kikwembe tulichochagua ni hiki. Nimewaona wengi hivi, nikasema, kumbe jamaa ya muzee ni kubwa, na mimi sijui hata mutu mumoja!"

Mwenye ngoma aliweka vijiti vyake chini taratibu. Mmoja wa watu wangu akaanza kufungua vifungo vya shati, akakumbuka kwamba ndani hana kitu, akafunga tena. Kule juu kicheko kilianza. Nilikijua, hata katika watu elfu ningekijua, ni kicheko cha mke wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kikwembe chake na mabega yanatikisika.

Mama wa samaki hakucheka. Alishuka hatua moja, akasimama kati yangu na yule mgeni.

"Baba," akamwambia, "hawa si wa upande wa mama wala wa baba. Lakini ona: watu ishirini na mbili hawakumujua muzee wenu, na leo wamemuvalia nguo yake ku stade. Nani mwingine amepata hiyo?"

Yule mtu akatushika mikono sote mmoja mmoja, macho yamelowa, akarudi mahali pake. Mama akapanda tena kwenye ngazi zake. Alikuwa ameniokoa mbele ya watu wote kwa maneno machache, na kwa hilo nilimwonea wivu kuliko kwa mengine yote. Mimi ni mtu wa maneno. Yale ya kwake ningetaka yatoke kinywani mwangu.

Usiku ule nyumbani mke wangu alianza kucheka tena kila aliponiona.

"Ju ya nini hukuniuliza?" akasema akijifuta macho. "Kile kikwembe wamama wote wa soko wanakijua. Tulipika kwa hicho kilio!"

"Ningekuulizaje? Wewe uko seksio ingine."

Aliacha kucheka. Akakaa mbele yangu, akazungumza nami kama anavyozungumza na mtoto wa chekechea ambaye amekataa kula, bila hasira.

"Sikia, papa. Mimi sipendi mpira. Hata leo sijui nani alifunga."

"Hakuna aliyefunga."

"Unaona? Sikujua."

"Sasa unafuata nini kule?"

"Mama anapita hapa saa sita na nusu, ananiita. Ninavaa viatu, ninatoka. Ni vile tu."

"Vile tu?"

"Wewe unapanda moto saa nne. Miaka kumi na minane. Siku gani ulisimama hapo mlangoni ukasema, vaa viatu, twende?"

Bado sikumwamini sawasawa. Mtu aliyezoea kutafuta sababu kubwa hapendi kupewa ndogo. Nikaamua kuiona kwa macho yangu.

Jumapili iliyofuata nilimpa mwenye ngoma ile kamba na daftari, nikasema goti linauma. Nikakaa sebuleni. Na hapa nikueleze kitu ambacho sikumwambia mtu: viatu vyangu nilikuwa nimevipiga rangi na kuvivaa. Nilitaka niitwe. Niliketi na viatu vyangu vinavyong'aa nikingoja sauti ya mwanamke niliyemwonea wivu ilitaje jina langu mlangoni.

Saa sita na nusu zikasikika nyimbo, halafu: "Hodi! Mama, tumefika!" Mke wangu akachukua mwavuli. Nikasimama nyuma yake. Mama wa samaki aliniona, akatabasamu kwa adabu.

"Papa prezida, pole na goti. Hatutakusumbua, najua seksio yako inakungoja."

Wakaondoka. Hakuna aliyenikosea. Wimbo wao ulipinda kwenye kona, na mimi nilibaki nimesimama sebuleni. Habari ya goti ilikuwa imeshaenea mtaani, na hakuna hata mmoja wa watu wangu aliyekuja kuuliza nina nini. Nani alikuwa amewafundisha kuuliza? Mimi niliwafundisha kuguna.

Nikatoka, nikawafuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya kuta za mawe meusi kama mwizi wa kuku. Niliyoyaona ni haya. Walitembea kwa mwendo wa yule mzee wa fimbo, kwa hiyo hakuna aliyeachwa. Walisimama kila baada ya nyumba tatu au nne. Nyumba moja mwanamke alikuwa hajamaliza kupasi, basi wawili wakaingia kukunja nguo na wengine wakaimba nje mpaka amemaliza. Nyingine ilikuwa na mgonjwa. Wakanyamaza, wakaingia, wakamsalimu, wakatoka bila kutaja mpira hata neno. Kwenye nyumba ya mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, yeye alisimama mlangoni na fulana akasema leo hana nguvu ya kwenda. "Sawa, papa," mama akamjibu. "Wiki ijayo tutapita tena." Basi. Hakuna aliyemwandika.

Kutoka kwetu mpaka uwanjani ni mwendo wa dakika ishirini. Wao walichukua saa nzima na zaidi. Ndiyo maana walichelewa kila wiki, na mimi niliyewaandika kwamba wanachelewa sikuwa nimewahi kujiuliza wanachelewea wapi. Katikati yao niliwatambua watu wawili waliokuwa wa seksio yangu, ambao majina yao niliyasoma wakati wa mapumziko mpaka wakaacha kuja. Walikuwa wanaimba kwa sauti ambayo kwangu hawakuitoa hata siku moja.

Ukitaka kuelewa habari ya karte, iko hapa hapa. Mimi nilidai karte kwanza: chukua karte, ndipo ukae ndani ya kamba. Kwake hakuna aliyetajiwa karte. Mtu alipitiwa mara nne, mara tano, akazoea kuwa miongoni mwa watu fulani saa fulani, halafu siku moja akauliza mwenyewe, "Na mimi, karte yangu iko wapi?" Ameshakuwa wa pale, anataka tu karatasi iseme hivyo.

Wiki iliyofuata saa tano na nusu nilikwenda kwa miguu kwa fundi mwashi mmoja, mtu wa seksio yangu ambaye alikuwa hajaonekana tangu mvua. Nikapiga hodi. Alifungua, akaniona, akashika kizingiti.

"Papa prezida! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Umekuya kunisoma jina hapa hapa nyumbani?"

"Nimekuja kukupitia. Twende ku stade."

Nilitamani kumweleza, unajua ninavyopenda kueleza, lakini nikajizuia. Nilisimama tu mlangoni.

"Kunipitia mimi?" akauliza. Kisha akageukia ndani, akaita kwa sauti kubwa: "Mama! Viatu vyangu viko wapi? Prezida amekuya kunipitia!"

Tukawa wawili. Nyumba ya pili ilikataa, nikasema wiki ijayo. Ya tatu na ya nne zikatoka. Tulipofika kwenye lango la nyumba yangu mwenyewe tulikuwa wanne, na kutoka juu ya mtaa nilisikia wimbo wa mama wa samaki unateremka. Nikapiga hodi kwenye mlango wangu. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Nani?" mke wangu akauliza ndani.

"Seksio ya chini. Tumekuja kukupitia."

Alifungua akiwa na kiatu kimoja mguuni. Akaniangalia, akamwangalia mwashi aliyekuwa na viatu vya kazi vyenye saruji, akasikiliza ule wimbo unaokaribia.

"Nimeshamuahidi mama," akasema.

"Najua. Vaa cha pili, njia ni moja."

Akarudi ndani kuvaa. Mama wa samaki akafika na watu wake wote, akashika kiuno.

"Eh! Papa prezida kwa miguu! Moto imekufa?"

"Imepumzika," nikasema.

"Na ile nguo ya kilio, imeisha?"

Wote wakacheka, mwashi kuliko wote, na mke wangu akatoka akicheka pia. Tukaenda pamoja, mwendo wa mzee wa fimbo. Tulisimama kwenye nyumba zao na kwenye nyumba zangu, na tulichelewa bao la kwanza.

Usidhani nilishinda. Tulipofika kwenye ngazi mke wangu alipanda kwao kama kawaida, na nilihisi ule uchungu wote upya. Lakini alichagua ngazi ya mwisho ya upande wao, nyuma yangu kabisa, magoti yake karibu na mabega yangu. Katika nusu ya pili akaniinamia sikioni.

"Yule mwenye bendera pembeni anatafuta nini?"

Nikageuka kumweleza. Nilimweleza mpaka firimbi ya mwisho, na tulifungwa, na mwenye ngoma alinilaumu kwamba sikuimba.

Ni misimu miwili imepita. Seksio ya mama bado ina watu wengi kuliko yangu, na kila Jumapili nawahesabu kwa jicho, na kila Jumapili inaniuma kidogo. Mke wangu bado ana kikwembe chao. Hajahama, na sijui kama atahama. Ila saa sita na nusu tunapigiana hodi, na siku nyingine mimi ndiye ninayefika wa kwanza.

Basi na wewe, kama kuna ngazi unazotaka zijae, fanya hivi. Jumapili ijayo, saa mbili kabla ya mpira, acha moto nyumbani. Chagua mtu mmoja ambaye hajaonekana siku nyingi, na kama anaishi nyumba moja na wewe, anza na huyo. Piga hodi, mwambie umekuja kumpitia, halafu simama mlangoni, usiongeze neno, mpaka amalize kuvaa viatu.